Ahadi ni Deni: Imani ya TANU na Serikali ya Mwanzo ya Tanganyika

Utangulizi

Wenzangu wa fasihi wakiona neno "katiba" kwenye makala, wengi hufunua ukurasa unaofuata. Hayo, husema, ni ya watu wa sheria na watu wa siasa. Sisi kazi yetu ni riwaya, tamthiliya na ushairi. Mimi sikubaliani nao. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa hata na sarafu yake. Iliendelea na shilingi ya Afrika Mashariki mpaka 1966. Makamanda wa jeshi walikuwa Waingereza, majaji wengi Waingereza, na Mkuu wa Nchi alikuwa Malkia wa Uingereza. Kilichokuwa chetu, tena kwa wingi, ni maneno: hotuba, kaulimbiu, nyimbo za mikutano, imani ya chama na ahadi za wanachama. Kama taifa lilianza kwa maneno, basi mhakiki wa maneno ana haki ya kuuliza yalitungwaje na yalifanya kazi gani.

Mjadala juu ya waasisi wetu una makundi mawili makubwa. Wapo wanaosema misingi ya mwanzo ilikuwa safi kama maji ya mtungini, wakaja watu wa baadaye wakaingiza mikono michafu. Wapo wengine, na huku chuoni hawakosekani, wanaosema yote yalikuwa danganya toto: eti unahubiri usawa asubuhi, jioni unatunga sheria ya kuwaweka watu kizuizini. Nionavyo mimi, makundi yote mawili yanagombania maudhui na kuisahau fani.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba waasisi waliiandika misingi ya taifa katika utanzu wa imani na ahadi, na wakakataa kwa makusudi kuiandika katika utanzu wa sheria. Uchaguzi huo wa fani ndio uliowapa nguvu ya kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja. Ni huo huo uliomwacha mwananchi mmoja mmoja bila mahali pa kudai. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sasa deni lina mdai, lina mdaiwa, na lina baraza la kuamua kati yao. Tutaona kwamba mdai alikuwapo na mdaiwa alikuwapo. Baraza ndilo lililochelewa kufika kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nafsi ya kwanza, wakati ujao

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kikirithi nafasi ya TAA iliyokuwapo tangu 1929. Imani yake, ambayo wengi tunaifahamu kwa sababu ndiyo inayofungua Azimio la Arusha la 1967, ni orodha ya mambo ambayo chama kinayaamini: kwamba watu wote ni sawa, kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa utu wake, kwamba kila raia ana haki ya kushiriki katika serikali ya nchi yake, ya kutoa mawazo yake, ya kwenda atakako, na ya kulindwa na sheria maisha yake na mali yake. Pamoja nayo zikaja ahadi za mwanachama, ambazo kizazi kizima cha wanafunzi wa shule za msingi kilizishika kwa moyo.

Hebu tuitazame sarufi yake. Imani ina kitenzi kikuu kimoja, kuamini, na mtenda wake ni chama. Ahadi nazo zimejengwa kwa kiambishi cha nafsi ya kwanza na kiambishi cha wakati ujao: nita-, na kikanushi chake sita-. Msemaji anajifunga mwenyewe. Anasema yeye atafanya nini na hatafanya nini. Cheo kwake kitakuwa dhamana, fitina kwake itakuwa mwiko. Hakuna mahali anapotajwa mtu wa pili atakayemshika mkono siku akivunja neno lake. Ndivyo ulivyo utanzu huu tangu jadi. Anayeapa hujikabidhi kwa dhamiri yake, kwa Mungu wake au kwa mizimu ya kwao.

Sheria haisemi hivyo. Sheria huzungumza katika nafsi ya tatu: mtu yeyote, hakuna mtu, mahakama itakuwa na uwezo. Haimuulizi kiongozi anaamini nini moyoni. Inamwambia mwananchi akidhulumiwa aende wapi, abishe mlango gani, na nani lazima amfungulie. Kwa ufupi, imani humtazamia mtu mwema, na sheria humngojea mtu mbaya.

Kabla hatujawalaumu waasisi kwa kuchagua utanzu wa kwanza, inafaa tuone ulivyowafaa. Nchi ilikuwa kubwa, barabara chache, na waliojua kusoma walikuwa wachache zaidi. Maneno ya TANU yalisafiri kwa mdomo. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza tawi la wanawake wa TANU tangu 1955, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapo Dar es Salaam, na ni kwa kupitia vikundi kama hivyo vya akina mama ndipo kadi za chama ziliponunuliwa kwa wingi. Mtu asiyejua herufi hata moja aliweza kuibeba imani nzima kichwani akaipeleka kijijini kwao, jinsi alivyobeba methali na hadithi. Hakuna katiba iliyotungwa na mawakili ambayo ingeweza kusafiri namna ile. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tungekuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Wala hayakuwa maneno matupu. Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU ilikubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zuberi Mtemvu aliona huko ni kujidhalilisha, akatoka na kuanzisha chama cha ANC kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika. TANU ilikubali kumpoteza. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge kadhaa wa TANU yenyewe walitaka uraia utolewe kwa kufuata rangi. Nyerere alisimama akawakatalia kwa ukali, akasema serikali yake itajiuzulu kama watalipitisha jambo hilo. Usawa wa watu wote ulikuwa umemfikisha mahali pa kuweka serikali nzima rehani. Anayesema imani ile ilikuwa danganya toto anapaswa kwanza kulieleza tukio hilo.

Lakini tuangalie vizuri nini kiliulinda usawa siku ile. Aliulinda mtu mmoja aliyekuwa na uwezo wa kutishia kujiuzulu. Msomaji na aliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Serikali ya kuazima

Katiba ya uhuru ilitoka London, kwa amri ya Malkia, kwa lugha ya Kiingereza. Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana, akawa Gavana Mkuu. Nyerere akawa Waziri Mkuu, na baada ya wiki sita tu, tarehe 22 Januari 1962, akajiuzulu na kumwachia Rashidi Kawawa kiti. Alisema anakwenda kukijenga chama. Mwaka huo huo akatoa kijitabu chake juu ya ujamaa. Yaani katika mwaka wa kwanza wa uhuru, mwasisi alihesabu kwamba kazi ya maneno ilikuwa na uzito kuliko kazi ya kiti.

Wakati huo serikali ya Kawawa nayo ilikuwa ikiandika maneno ya namna nyingine. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria zilizobana haki ya wafanyakazi kugoma. Likapitisha pia Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyoruhusu mtu afungiwe bila kushtakiwa, na kusema wazi kwamba amri hiyo isihojiwe katika mahakama yoyote. Novemba 1962 ukafanyika uchaguzi wa Rais. Nyerere alipambana na Mtemvu yule yule wa 1958, akapata zaidi ya asilimia 98 ya kura. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri yenye Rais mwenye madaraka makubwa.

Katiba ya Jamhuri ilikuwa na utangulizi mzuri uliozungumzia utu na haki zilizo sawa za watu wote. Hapa ndipo mhakiki anapotakiwa kufungua macho. Maneno yanayofanana na imani ya TANU yaliwekwa kwenye utangulizi. Mwilini mwa katiba hayakuwamo. Hati ya haki ilikuwa imekataliwa tangu mazungumzo ya uhuru, na ikakataliwa tena 1962. Mwaka mmoja, Bunge moja, matini mbili. Ile iliyotaja utu iliwekwa mlangoni kama pambo, na ile iliyotaja kizuizini ikawekwa ndani ikiwa na meno.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa lugha hatuna ruhusa ya kulipita. Imani ilikuwa kwa Kiswahili. Katiba na sheria zilikuwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Songea alijua kwa kichwa alichoahidiwa, lakini hakuweza kusoma alichowekewa. Matini mbili za taifa moja zilikaa katika lugha mbili, na ile iliyokuwa na nguvu mahakamani ikakaa katika lugha ya wachache.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Viongozi walitoa sababu zao, na si za kipuuzi. Walisema majaji walikuwa wageni waliozoea kulinda mali ya mkoloni, na kwamba hati ya haki ingewapa nafasi ya kuzuia mipango ya maendeleo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: mawakili Waafrika wakati wa uhuru walihesabika kwa vidole, na ilibidi kungoja mpaka 1971 ndipo Mtanzania, Augustine Saidi, awe Jaji Mkuu. Walisema pia kwamba kuamua haki ya mtu mmoja ipishe wapi maslahi ya wengi ni kazi ya wanasiasa waliochaguliwa.

Mtu anaweza kuongeza: tazameni majirani. Kenya na Uganda zilipata uhuru zikiwa na hati za haki ndani ya katiba zao, na hazikuwazuia watawala kuwaweka watu kizuizini; Kenya ilianza tena mtindo huo mwaka 1966. Ni kweli. Hati peke yake haimtoi mtu gerezani. Ninachosema mimi ni kidogo zaidi, kwamba palipo na hati, mnyonge ana jambo la kushika mkononi anapobisha hodi, na mlango unaweza kufunguliwa hata kama ni baada ya miaka. Asiye na kitu cha kushika hubaki akitegemea huruma ya mwenye nyumba.

Kisu cha Rumi na bunduki za Colito

Mwaka 1963 ilitoka tafsiri ya Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo baada ya kusahihishwa ilitoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wahakiki wetu wameijadili zaidi kwa upande wa lugha, kwamba ilionyesha Kiswahili kinaweza kubeba kazi nzito. Sawa. Lakini hebu tujiulize tamthiliya yenyewe inasema nini, na mwaka wenyewe ulikuwa mwaka gani. Rais wa jamhuri changa, mwenye sheria ya kizuizini mezani, anatoa kitabu kuhusu mtawala anayependwa na umma, ambaye marafiki zake wanamwogopa kwa lile anaweza kuwa kesho. Brutasi hana ushahidi wa kosa lolote lililotendwa. Ana wasiwasi tu, na katika Rumi ile hakuna baraza la kupeleka wasiwasi huo likasikilizwa. Inabaki njia ya kisu. Na kisu kinaleta vita, na vita vinamleta mtawala mwenye nguvu kuliko yule aliyeuawa.

Sidai kwamba mfasiri alikusudia kujisema. Ninachosoma ni matini na muktadha wake. Tamthiliya ile inatufundisha kwamba pasipo na mahali pa kudai, madai hayafi; hutafuta silaha.

Mwaka uliofuata uliyathibitisha hayo. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Yalikuwa madai ya kazi na ya heshima, yale yale ambayo imani ya chama iliyazungumzia. Rais hakuonekana hadharani, na Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na askari. Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza, walioitwa na serikali yenyewe, wakayazima maasi. Taifa lililopata uhuru miaka miwili nyuma liliokolewa na bunduki za mkoloni wa jana, na Mwalimu mwenyewe hakuificha fedheha hiyo.

Kilichofuata kinaeleza mengi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa sheria ya 1962. Shirikisho lao, TFL, likavunjwa, na mahali pake sheria ikaunda chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, ambacho katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais. Badala ya kujenga baraza la kupokea madai, serikali iliwaondoa wadai.

Jembe, nyumba na tume

Haitakuwa haki kuishia hapo, maana serikali ile haikuwa pipa lililofungwa pande zote. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, tume iliyoongozwa na Kawawa ilikusanya maoni juu ya nchi ya chama kimoja, ikatoa taarifa 1965. Tume ilikataa tena hati ya haki, kwa sababu zile zile nilizozitaja. Mahali pake ikapendekeza mambo mawili ambayo yanastahili heshima.

La kwanza ni uchaguzi wa wagombea wawili katika kila jimbo, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma asipotee. Uchaguzi wa Septemba 1965 haukuwa mchezo wa kuigiza. Wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, mawaziri wakiwamo. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Bibi Titi, shujaa wa 1955, alishindwa Rufiji. Wapiga kura walipopewa mahali pa kudai deni, walidai bila kuangalia sura.

La pili ni Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi 1966, ambako mwananchi aliyeonewa na ofisa aliweza kuandika barua au kwenda mwenyewe kulalamika bila wakili. Wengi walilalamika, na wapo waliosaidiwa. Ila tume ile haikuwa na uwezo wa kutoa hukumu. Taarifa yake ilikwenda kwa Rais, na Rais mwenyewe hakuweza kuchunguzwa nayo.

Tukiyaweka mawili haya pamoja tunaona picha kamili. Kura ni baraza la wengi. Mtu mmoja aliyeonewa, asiye na wenzake wa kutosha kujaza jimbo, hawezi kushinda hapo. Tume ni baraza la huruma. Inategemea moyo wa yule anayepelekewa taarifa. Katiba ya Muda ya 1965 ilikwenda mbali zaidi: katiba ya TANU, pamoja na imani yake, iliambatishwa nyuma ya katiba ya nchi. Basi imani ikawa mbele kwenye utangulizi, ikawa na nyuma kwenye kiambatisho. Katikati, mahali ambapo hakimu hufungua, haikuwapo.

Deni linafika barazani

Nadharia hii ya fani isingekuwa na maana kama isingegusa maisha ya watu. Imegusa, na nitatoa mifano miwili.

Mwaka 1973 ilitolewa hukumu katika kesi ya raia wa Tanzania mwenye asili ya Kiasia, aliyekuwa mfanyakazi wa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Alistaafishwa, naye akadai amebaguliwa. Alitegemea maneno ya utangulizi wa katiba. Mahakama Kuu ilijibu kwamba utangulizi si sehemu ya katiba yenyewe, na kwa hiyo si sheria ya nchi. Tukumbuke Oktoba 1961. Usawa ule ule ambao Nyerere aliuwekea rehani serikali yake haukuweza kumsaidia raia mmoja miaka kumi na miwili baadaye, kwa sababu ya mahali ulipoandikwa. Siku ya mjadala wa uraia alikuwapo mtu wa kutishia kujiuzulu. Mahakamani mwaka 1973 ilikuwapo karatasi tu, na karatasi ilikuwa upande usiofaa.

Mfano wa pili una mizizi katika serikali ile ile ya mwanzo. Mwaka 1963 serikali ilikusanya sheria za mila za makabila mbalimbali ikazitangaza kwa maandishi. Kanuni za urithi zilisema mwanamke anaweza kupewa shamba la ukoo alitumie maishani mwake, ila hana ruhusa ya kuliuza. Fikiria: mwaka mmoja baada ya utangulizi uliotaja haki sawa, serikali hiyo hiyo inapiga chapa kanuni inayomtoa nusu ya taifa. Hakuna aliyeona mgongano, maana utangulizi haukuwa wa kugongana na kitu chochote.

Katika mjadala wa katiba wa 1983 na 1984 wananchi na wanasheria walidai tena hati ya haki, na safari hii ikaingizwa mwilini mwa katiba kwa mabadiliko ya 1984. Hata hapo serikali iliomba muda. Haki zile hazikuanza kudaiwa mahakamani mpaka 1988. Mwaka huo huo mama mmoja mzee wa Kihaya, wilayani Muleba, aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa kuwa alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Mtoto wa ndugu yake akashtaki. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi kijana, kwa kufuata kanuni za 1963. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba baada ya hati ya haki kuingia katika katiba, kanuni ile ya kumbagua mwanamke haiwezi kusimama, na mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume.

Nawaomba wenzangu walitazame tukio hili kwa jicho la fasihi. Dhamira ya usawa haikubadilika tangu 1954. Kilichobadilika ni mahali pake katika matini, nafsi ya kitenzi chake, na lugha yake pia, kwani katiba ya 1977 iliandikwa kwa Kiswahili. Tofauti hiyo ya fani ndiyo iliyompa mama mzee wa Muleba haki ya kuuza shamba lake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba waasisi hawakuwa wanafiki, na pia kwamba hawakutuachia nyumba iliyokamilika. Walitunga imani yenye nguvu kuliko nyingi za wakati wao, wakaiweka mioyoni mwa watu kwa njia ambayo sheria isingeweza. Kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuwa kuamini kwamba moyo unatosha kuwa hifadhi.

Anayedhani hayo ni ya zamani na atazame masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa, au nyumba za kupangisha. Pengine hayo ndiyo yaliyokaribia zaidi kuigeuza ahadi kuwa kanuni. Lakini mzizi wake ulikuwa katika chama, na Februari 1991 kikao cha chama huko Zanzibar kiliyalegeza. Hakuna mwananchi aliyekuwa na pa kwenda kupinga. Kilichofungwa kwa ahadi ya wakubwa kilifunguliwa na wakubwa.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwetu sisi wa Kiswahili hiyo ni kazi, tena kubwa, kuliko sherehe. Sheria zikiingia katika lugha tunayoihakiki kila siku, hatutakuwa na kisingizio cha kuwaachia mawakili peke yao. Tuzisome kama tunavyosoma tamthiliya: nani anasema, anamwambia nani, katika nafsi gani, na asiporidhika msikilizaji anaruhusiwa kujibu wapi. Mkaguzi wa hesabu huuliza fedha ziko wapi. Mhakiki naye aulize ahadi iko ukurasa gani, na je, ukurasa huo unafunguka mahakamani?

Wapo watakaosema nimeipa fani uzito kupita kiasi, na kwamba bila uchumi na bila nguvu ya umma hakuna karatasi inayomwokoa mtu. Hoja hiyo naiheshimu, na ningependa kuisoma ikiandikwa kwa kirefu katika kurasa hizi. Mjadala uendelee.